Mhariri, tuchapishieni saa za maji kujaa na kupwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo linalowahusu watu wengi wa Dodoma, Singida na huku kati kote. Ninaomba gazeti lako lianze kuchapisha saa za maji ya bahari kujaa na kupwa, yaani kupanda na kushuka, angalau za Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, kila Ijumaa, papo hapo mnapoweka utabiri wa hali ya hewa. Na wale wanaotuuzia safari za siku moja za visiwani waambiwe wazi kwamba safari hizo hupangwa kwa kuangalia maji kwanza, wikiendi baadaye. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana jambo lenyewe watu wa Pwani wanalala nalo na kuamka nalo tangu utotoni, na huenda wakashangaa kuona mtu mzima anahitaji kuelezwa. Tunahitaji kuelezwa, na sioni aibu kulisema hilo.

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 2024, bahari imetusogelea. Zamani kwenda Pwani kwa basi kulikula siku nzima, unashuka miguu imevimba na mtoto amechoka kulia. Sasa unapanda treni asubuhi, mchana uko Dar es Salaam, na nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa Sh31,000. Ndiyo maana matangazo yamejaa. Kwenye makundi ya WhatsApp ya sokoni, ya kwaya, ya vikoba, wiki haipiti bila picha ya mchanga mweupe na boti: twende Mbudya, twende Bongoyo, twende Unguja. Bei moja inabeba treni, kulala, boti, mwongozaji, chakula cha mchana na michezo ya majini. Mimi nafurahi kuona hivyo. Ningependa kila mtoto wa Kondoa, Bahi, Mpwapwa na Manyoni aione bahari kabla hajamaliza shule. Kwa hiyo nisieleweke kwamba napiga vita biashara ya mtu.

Nauza samaki Soko la Majengo, na nimekulia Mtera. Baba alikuwa mvuvi wa perege na kambale, na mitumbwi naijua tangu sijajua kusoma. Upepo wa ghafla bwawani naujua pia, na nimeona ulivyowachukua watu. Lakini Mtera maji hupungua kwa miezi. Mvua zikikatika bwawa hurudi nyuma taratibu, watu wakalima bustani pale walipokuwa wakitega nyavu, kisha Ruaha Mkuu na Kisigo ikishuka na mvua, bwawa hujaa tena. Hakuna mvuvi wa Mtera anayeuliza saa ndipo ashushe mtumbwi. Mtu aliyekulia kwenye bwawa, au aliyekulia Chamwino ambako maji ni ya kisima, akiambiwa kwamba ukingo wa maji utakuwa hapa saa nne na kule saa kumi, hawezi kulipata hilo kichwani mpaka alione.

Mambo yako hivi. Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa ishirini na nne, kwa hiyo kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mwandamo, siku hizo na moja mbili zinazofuata huwa bamvua: maji hujaa sana, na hupwa sana vilevile. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mikondo hupoa. Kwa pwani yetu ya Dar es Salaam na Zanzibar, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume chake, kujaa huangukia asubuhi. Haya hayabahatishwi. Jedwali lake hukokotolewa mapema kwa mwaka mzima, na mabaharia hulitumia kila siku.

Sasa kikoba chetu cha wanawake wa sokoni kiliamua mgawo wa mwaka tusiumalize wote kwenye vyombo na vitenge. Tukanunua safari ya Mbudya, kisiwa kidogo karibu na Kunduchi, Dar es Salaam, kwa mtu anayeuza safari hapa mjini. Simtaji, maana nia yangu si kumharibia, na kwa ninavyosikia kwa wenzangu wa masoko mengine, hayuko peke yake. Tarehe aliipanga yeye: Jumamosi ya Juni, shule zimefungwa, mwezi mpevu. Karatasi aliyotupa ilisema kuondoka Kunduchi saa tatu na nusu, kuogelea na kuangalia samaki kwa miwani saa nne na nusu hadi saa saba, chakula, mapumziko, kurudi saa tisa.

Msomaji yeyote wa Kunduchi akifika hapa ameshajua kilichotokea. Tulipofika ufukweni hapakuwa na bahari. Palikuwa na tope, majani ya baharini yaliyolala, vidimbwi na mawe, na boti yetu imesimama kule mbali. Tukavua viatu, tukabeba watoto mgongoni na ndoo za vyakula kichwani, tukatembea. Njiani mwenzetu mmoja, mama mtu mzima anayeuza karanga, akakanyaga mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi. Miiba ile ikiingia hukatikia ndani. Ilibidi aweke mguu kwenye maji ya moto kadiri alivyoweza kuvumilia, na siku yake ikaishia kwenye mkeka. Ameniruhusu niandike habari zake. Yeye ndiye aliyeanza kuchanga mapema kuliko sote, na bahari aliitamani tangu ujana.

Kwenye boti, mwongozaji, kijana mchangamfu na mwenye heshima, alieleza taratibu zote kwa Kiingereza, kwa sababu kulikuwa na wageni wawili wa nje tuliochanganywa nao. Sisi na watoto wetu akatuambia, “Mama zangu, nyie kaeni tu, tutafika.” Kiswahili ni lugha yake na ni lugha yetu. Maelezo ya jinsi ya kufunga jaketi okozi, wapi pa kukaa, nini cha kufanya mtu akianguka majini, yalipita juu ya vichwa vya watu waliokuwa hawajawahi kuingia maji yanayozidi magoti. Jaketi zenyewe zilikuwa za watu wazima. Mtoto wa darasa la pili alivikwa moja ikamfika masikioni. Akiinuliwa mabega, jaketi ilibaki mikononi mwa aliyemshika na mtoto akateleza chini. Tulilijaribu hilo pale pale nchi kavu, mbele ya mwongozaji, nami nikakataa mtoto yule kupanda mpaka ilipotafutwa ya saizi yake kwenye boti nyingine. Ikapatikana. Maana yake zipo.

Na mara tulipoanza kwenda, wenzangu wakasimama wote upande mmoja kupiga picha jiji linavyobaki nyuma. Boti ikalala. Nahodha alipaza sauti, “Kaeni! Kaeni chini wote!” Hatukuwa tumeambiwa. Nchi hii tuliyaona ya MV Nyerere pale Ukara, 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa wakiwa karibu kabisa na gati. Kuwaambia abiria wakae na wasihamie upande mmoja ni sentensi moja. Inataka lugha wanayoielewa, basi.

Mbudya ni pazuri, sitalificha hilo. Kisiwa hakina kijiji, kuna mivinje, vibanda vya makuti, mchanga mzuri upande unaotazama bara. Mimi nilitamani kumwona yule kaa mkubwa anayepanda miti na kuvunja nazi, lakini nikaambiwa hutoka usiku. Kisiwa hiki pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa kuwa maeneo ya hifadhi tangu mwaka 1975, na leo vinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Unapolipa ada ya kuingia, unalipia ulinzi wa kilichomo majini. Tulichoambiwa tufanye saa nne na nusu asubuhi, maji yakiwa yamepwa, kilikuwa kwenda kusimama juu ya kitu hicho hicho.

Yanapopwa namna ile, matumbawe hubaki na maji ya kufika magotini tu. Huwezi kuelea, tumbo litakwaruzwa. Kwa hiyo watu husimama na kutembea, na kila hatua kitu kinavunjika chini ya unyayo. Matumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa, na yale mazito ya mviringo hukua kwa kiasi kisichozidi upana wa kidole kwa mwaka. Pwani hii ilishapigwa na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi, na mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha na kuyaua mengi kwenye bahari yote ya Hindi upande wetu. Yaliyobaki yamebaki kwa taabu. Halafu tunaletwa sisi, watu wema tusiojua, tunakanyaga kwa sababu karatasi inasema muda huu ni wa kuangalia samaki.

Aliyetuokoa ni nahodha. Mzee wa makamo, mwenyeji wa hapo hapo Kunduchi, hakuajiriwa kuongoza mtu. Kazi yake ni injini na nanga. Aliwaangalia watoto wakielekea kwenye mwamba na miwani yao, akashuka botini akaja kwangu kwa kuwa nilionekana ndiye msemaji. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, “Mama, hayo maji hayafai sasa. Subirini. Saa nane mtashukuru.” Akatuketisha chini ya mvinje akaanza kutufundisha. Haya niliyoandika hapo juu kuhusu mwezi na maji, mengi nilianza kuyasikia pale, kwake. Alituchorea mchangani. Alitueleza kwamba maji yakianza kurudi hukimbia zaidi katika saa ya tatu na ya nne, na kwamba muda huo mtu asiende kwenye ncha za kisiwa, kwa sababu mkondo hukazana pale maji yanapokata kona. Muda mzuri wa kuelea na kuangalia ni maji yanapokaribia kujaa na yanapotulia. Akawaita watoto na akina mama wasiojua kuogelea kwenye kijibwawa kilichobaki kati ya mchanga na mwamba, maji ya kiunoni, akawafundisha kulala juu ya maji. Kichwa nyuma, masikio ndani ya maji, kifua juu, pumua. Hakuna aliyetoka pale anaogelea, lakini wengi walitoka wanaelea, na mtu anayeelea hababaiki.

Kisha miwani. Naomba niliseme hili kwa kituo kwa ajili ya wanawake wenzangu, maana sijaliona limeandikwa popote. Miwani ya kupigia mbizi hushika kwa ngozi. Ukingo wake wa mpira ukikalia nywele, kilemba au ushungi, maji huingia, mtu anapaliwa, anaogopa, anatoka na kuapa kwamba harudi tena. Wenzangu wengi ni Waislamu na walikuwa na mitandio; wengine walisuka nywele zikaanguka usoni. Nahodha alisema kitambaa kirudishwe nyuma kipite juu ya paji la uso pale nywele zinapoanzia, kifungwe kwa kubana, mkanda wa miwani upite juu yake kwa nyuma, na usoni usiachwe hata unywele mmoja. Kioo kitemewe mate ndani, kisuguliwe kwa kidole, kisuuzwe, la sivyo kitafanya ukungu. Mrija uumwe kwa meno bila nguvu, midomo ifunge pembeni, na pumzi itoke taratibu. Kabla ya yote, jaribu ukiwa umesimama, uso tu majini, ukihesabu pumzi zako. Hakuna aliyevua ushungi na hakuna aliyepaliwa.

Saa nane maji yalikuwa yamekuja. Mahali tulipokuwa tumesimama asubuhi palifunikwa kabisa, na tukaingia mmoja mmoja, jaketi zimefungwa, tumeshika kamba iliyofungwa kwenye boti. Mhariri, mimi kila siku ya Mungu nashika samaki. Pono na changu wa baharini nawajua wakiwa barafuni, macho yamekufa, rangi imepauka. Sikujua kwamba pono akiwa hai ana rangi ya kijani na buluu na waridi pembeni mwa mdomo, wala kwamba anapokula anauma mwamba wenyewe, na mlio wake unasikika. Chini ya maji kuna kelele! Ukitulia, masikio yakiwa ndani, unasikia mwamba mzima unatatarika kama karanga zinazokaangwa, na katikati yake ile sauti ya meno ya pono, kwaru, kwaru. Nilimwona akiachia nyuma yake wingu la unga mweupe. Nahodha alisema mchanga tuliokalia umetokana na hilo kwa sehemu kubwa: samaki hula mwani uliojishika kwenye mwamba, mwamba husagwa na meno ya kooni, hutoka mchanga. Niliona kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, mwekundu, amejibandika kwenye jiwe, na jongoo bahari wamelala kwenye mchanga. Mtoto wa darasa la pili, yule wa jaketi, alitoa mrija mdomoni akapiga kelele ambazo nadhani zilifika Kunduchi, akataka kurudi tena, na tena.

Mwongozaji akaja na saa yake mkononi. Ilikuwa bado kidogo saa tisa. Basi lilikuwa linasubiri, karatasi ilisema saa tisa, kwa hiyo tukatolewa majini maji yakiwa yanaelekea kujaa, kwenye muda ule ule ambao tungetakiwa kuwa ndiyo kwanza tunaufaidi. Muda mwingi tuliolipia kwa ajili ya majini tuliutumia tukiyangoja. Kusi, upepo wa kutoka kusini, nayo ilikuwa imeamka. Juni hadi Septemba huvuma kwa nguvu, na mchana huongezeka, hivyo njia ya kurudi ilikuwa ya mawimbi na watu kadhaa walitapika. Hakuna aliyekuwa ameambiwa akae nyuma karibu na katikati ya boti ambako chombo hakirukiruki sana, au atazame mbali pale mbingu zinapokutana na maji, au asile chipsi kuku dakika chache kabla ya kupanda. Tulipofika Kunduchi, boti ilikwenda mpaka mchangani kabisa. Tukashuka tukilowa vifundo tu, pale pale ambapo asubuhi mama yetu alichomwa.

Nilimuuliza muuzaji wa safari tuliporudi Dodoma. Alinijibu kwa upole kwamba wateja wake ni wafanyakazi na wafanyabiashara, wanataka wikiendi, na yeye hawezi kuiamuru bahari. Jibu hili nimelifikiria sana. Bamvua na maji mafu hupishana kwa takriban wiki moja. Jumamosi moja ikiangukia bamvua, inayofuata huangukia karibu na maji mafu, inayofuata tena bamvua. Kwa hiyo kila mwezi una wikiendi nzuri, na angekuwa na jedwali mkononi angeziuza hizo kwanza. Na kama hapana budi iwe Jumamosi ya bamvua, basi kikundi kiondoke ufukweni saa sita au saa saba mchana, kikaelee saa tisa na saa kumi, kirudi kabla jua halijazama, na asubuhi watu waende Makumbusho ya Taifa au Soko la Samaki la Feri, ambalo mimi binafsi ningelitembelea kwa furaha kuliko kukaa kwenye tope. Hakuna gharama inayoongezeka. Kinachohitajika ni mtu aliyeuza safari kuutazama mwezi kabla hajaandika tarehe, na mwezi mpevu hata sisi tunauona ukichomoza upande wa Ihumwa.

Najua Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari, upepo na mawimbi, na hutoa tahadhari. TASAC ina jukumu la usalama wa vyombo majini upande wa Bara. Naziomba taasisi hizi, na wasimamizi wa hifadhi za bahari, waongeze jambo ambalo halitawagharimu: chombo chochote kinachopeleka watalii wa ndani kisiondoke kabla maelezo ya usalama hayajatolewa kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa watu wote, na kisibebe mtoto ambaye hakuna jaketi ya saizi yake. Namna ya kupima jaketi ya mtoto ni ile niliyosema, inua mabegani uone kama mtoto anabaki ndani. Mzazi yeyote anaweza kufanya hivyo, na asiogope kuonekana mshamba.

Waongozaji nao nawaomba watuulize swali moja kabla ya lolote: nani hapa hajawahi kuingia baharini? Mikono itakayonyooshwa ni mingi. Nusu saa ya kufundisha kuelea kwenye maji ya kiunoni iwe sehemu ya ratiba, iandikwe kwenye karatasi kama chakula kilivyoandikwa. Na waseme mapema kwamba Mbudya hakuna bomba, mtu aende na maji yake ya kunywa ya kutosha, na kwamba samaki wa kuchoma anaagizwa unapofika, maana anachukua muda. Haya madogo tuliyamudu wenyewe. Kukanyaga matumbawe hatukuweza kuyamudu kwa kuwa hatukujua kwamba yapo.

Mzee yule wa Kunduchi sikumpa chochote cha maana zaidi ya asante na zabibu za Dodoma tulizokuwa tumebeba. Kama mwenye boti zile anasoma gazeti hili, amtazame nahodha wake vizuri. Kazi ya kuongoza ile siku aliifanya yeye.

Sasa narudi kwako Mhariri. Kinachotakiwa gazetini ni kipande kidogo tu: miji mitatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, saa za kujaa, saa za kupwa, na kimo chake. Mvuvi wa Kunduchi hana haja nacho. Atakayekikata na kukibandika ukutani ni mama wa kikoba wa Majengo, mwalimu wa Kongwa anayepeleka darasa la saba, kijana wa Singida anayetaka kumpeleka mchumba wake Unguja. Kikoba chetu kimeshaanza kuchanga tena, na safari hii tarehe tunapanga wenyewe: baada ya masika kuisha au Novemba kabla upepo wa kaskazi haujakaza, kwenye maji mafu. Yule mama aliyechomwa amesema atakuwepo. Tungependa kuthibitisha saa hizo kwenye ukurasa wako kabla hatujakata tiketi.

Wako msomaji,
Mweka hazina wa kikoba cha wanawake,
Soko la Majengo, Dodoma